Kanvasi Iliyochanika: Kuitengeneza Ukianzia Mgongoni

Mtu akikuta mchoro wake umechanika, wazo la kwanza humpeleka kwenye rangi: ataipata wapi ile samawati, na nani mwenye mkono mwepesi wa kupaka pasionekane. Rangi ni kazi ya mwisho, na mambo yakienda vizuri huwa ndogo kuliko zote. Kilichoharibika ni kitambaa. Nyuzi zikirudi mahali pake, zikashikana ncha kwa ncha na uso ukawa tambarare, rangi inabakiwa na mstari mwembamba tu wa kuufunika. Nyuzi zikiachwa zimepandana, hakuna rangi itakayoficha, kwa sababu mwanga wa dirishani utapiga kwa ubavu na kivuli cha mshono kitajitokeza kila asubuhi.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mgongoni na unakaa huko muda mrefu. Unahusu michoro ya rangi ya mafuta au akriliki iliyowambwa kwenye fremu ya mbao, yenye mchaniko usiozidi sentimita tano hivi, tundu dogo, mbonyeo, ulegevu au uchafu wa miaka.

## Kazi ya kuikataa

Iko michoro ya kuacha. Ukiwa na mchoro wenye thamani kubwa ya fedha, au wa zamani usiojulikana umri, au ambao rangi yake inadondoka kila ukiusogeza, upeleke kwa mtaalamu wa kuhifadhi sanaa. Fanya hivyo pia mchaniko ukipita kwenye uso wa mtu. Angani au kwenye majani jicho husamehe mengi. Kwenye kope au mdomo, kosa la nusu milimita humgeuza aliyechorwa kuwa mtu mwingine.

Wataalamu wenyewe hawakimbilii rangi. Januari 2010, katika jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York, mgeni aliangukia mchoro wa Picasso uitwao The Actor, ukachanika kiasi cha sentimita 15 upande wa chini kulia. Sehemu kubwa ya matengenezo ilikuwa kuulaza na kuukandamiza polepole kwa vifuko vidogo vya mchanga, wiki baada ya wiki, hadi kitambaa kikaacha mkunjo ulioachwa na ajali. Aprili mwaka huohuo ulikuwa umerudi ukutani. Nakitaja kisa hiki kwa ajili ya vile vifuko: wao walikuwa na kila kemikali na kila kifaa, na bado walichotegemea zaidi ni uzito mdogo na muda mrefu.

## Mara tu baada ya ajali

Ushushe ukutani, uulaze kifudifudi au chali mahali pasipopitwa na watu. Usibandike selotepu, si mbele wala nyuma. Mbele itaondoka na rangi siku ukiibandua. Nyuma gundi yake itazama kwenye nyuzi, igeuke njano na kuacha doa gumu ambalo baadaye litakuwa tatizo kubwa kuliko mchaniko wenyewe. Magamba ya rangi yaliyoanguka, hata yale madogo kama punje ya ufuta, yaokote kwa brashi yenye unyevu kidogo uyaweke kwenye bahasha. Gamba moja la rangi asili lina thamani kuliko chochote utakachochanganya mwenyewe.

Kisha piga picha. Moja ya mbele yenye mwanga wa kawaida, moja ya nyuma, na ya tatu ndiyo ya maana: zima taa za chumba, weka taa moja pembeni, chini kabisa, mwanga ukitambaa juu ya uso wa mchoro. Kila kivimbe na kila mbonyeo vitatupa kivuli. Utaipiga picha hiyo tena baada ya kila hatua, na ndiyo itakayokuambia kama kazi inaenda mbele au unajidanganya.

## Unachokishika kimejengwaje

Chini kabisa kuna kitambaa, kwa kawaida cha kitani au pamba. Juu yake kuna tabaka jembamba la gundi ya kuziba vinyweleo, kisha praima nyeupe, yaani tabaka la kuandaa uso, kisha rangi, na mara nyingi vanishi juu ya yote. Michoro ya zamani ya rangi ya mafuta huwa na gundi iliyotokana na ngozi au mifupa ya wanyama, na gundi hiyo hunywa maji na kuvimba. Kitani kilicholoa nacho hujivuta na kufupika. Ukimwagia maji mgongo wa mchoro wa namna hiyo, kitambaa kinafupika, rangi ngumu iliyo juu haifupiki, na matokeo yake ni rangi kunyanyuka na kubanduka. Kwa hiyo ule ushauri unaozunguka sana, wa kunyunyiza maji ya moto mgongoni ili kanvasi ikaze, uache kabisa kwa mchoro wa rangi ya mafuta. Kanvasi mpya ya pamba yenye akriliki inaweza kuuvumilia, ila hata hapo kuna njia ya upole zaidi.

Ni mafuta au ni akriliki? Rangi za akriliki zilianza kuwafikia wasanii katikati ya karne ya 20, kwa hiyo mchoro wa kabla ya hapo si akriliki. Kwa mchoro wa baadaye, tafuta ukingo ambapo kanvasi imekunjwa ubavuni mwa fremu na rangi imefika. Gusa hapo kwa kijiti cha pamba chenye tone la spiriti ya hospitali. Akriliki hulainika na kuchafua pamba upesi. Rangi ya mafuta iliyokauka miaka mingi kwa kawaida hustahimili mguso mfupi. Jibu hili lina uzito, kwa sababu akriliki haipendi spiriti, asetoni wala joto la pasi. Kwenye baridi kali nayo hukakamaa na kupasuka kirahisi, kwa hiyo usiikunje wala kuigonga ikiwa imetoka mahali pa baridi.

## Vya kuwa navyo mezani

Karatasi ya kukausha wino, kadiri ilivyo nene ndivyo bora. Karatasi ya kuokea, ile isiyoshika gundi. Kibano chenye ncha kali, sindano mbili, lenzi ya kukuzia inayosimama yenyewe ili mikono yako iwe huru. Vipande vya kioo vilivyosuguliwa kingo na vitu vizito vidogo. Vifuko vya kitambaa vilivyojazwa mchanga mkavu vinafaa kuliko vitabu, maana vinafuata umbo la mahali. Brashi laini pana, vijiti vya pamba, maji yaliyokenekwa.

Kwa gundi, pata ile nyeupe ya PVA isiyo na asidi, inayotumiwa na wanaojalidi vitabu. Gundi ya mbao na gundi za papo kwa papo hazifai: zinakakamaa kuliko kitambaa, na kitambaa kitakuja kuchanika upya kandokando ya pale ulipogundisha. Ongeza jelatini isiyo na sukari wala ladha, unga laini wa chaki, na seti ya rangi za maji za ubora mzuri.

## Hatua ya kwanza: vumbi, likiwa kavu

Anza nyuma. Kati ya kanvasi na mti wa chini wa fremu hujikusanya vumbi, maganda ya wadudu, vipande vya lipu, hata misumari. Uchafu huo ndio unaosukuma kanvasi na kufanya vivimbe vinavyoonekana mbele kama mstari wa milima midogo kwenye ukingo wa chini. Uondoe kwa kadi nyembamba na brashi, mchoro ukiwa umesimama.

Mbele, pitisha brashi laini kutoka juu kwenda chini, huku mdomo wa mashine ya kuvuta vumbi ukiwa karibu lakini usiguse, umefunikwa kwa kipande cha wavu ili gamba likinyanyuka lisimezwe. Brashi ikikwama mahali, simama uangalie kwa lenzi. Rangi iliyonyanyuka hushughulikiwa kabla ya kitu kingine chochote: yeyusha gramu 2 za jelatini kwenye mililita 100 za maji ya vuguvugu, tia tone dogo ukingoni mwa gamba kwa brashi nyembamba, liache linywe lenyewe, subiri lilainike, kisha libonyeze taratibu kwa kidole juu ya karatasi ya kuokea. Weka uzito mdogo hadi kesho yake.

Ukikuta ukungu, fanya kazi hiyo nje, umevaa barakoa, baada ya mchoro kukauka kabisa. Ukungu mbichi ukisuguliwa hupakaa na kuingia ndani ya nyuzi.

Kuosha kwa unyevu kusubiri. Mchaniko ambao haujafungwa hufunguka zaidi kila pamba inapoukandamiza.

## Hatua ya pili: kulaza kingo

Kingo za mchaniko hujikunja, mara nyingi kuelekea mgongoni. Ukiziunganisha hivyo zilivyo utapata tuta la kudumu.

Laza mchoro kifudifudi juu ya meza laini iliyofunikwa karatasi ya kuokea. Kama rangi imepakwa nene na kuinuka, weka chini yake blanketi laini ili matuta ya rangi yasibonyee. Kata vipande vya karatasi ya kukausha wino vyenye upana wa mchaniko, vichovye kwenye maji yaliyokenekwa, kisha uvikamue kati ya karatasi nyingine kavu hadi viwe na ubaridi wa unyevu tu, visiwe na maji ya kuacha alama kwenye kidole. Weka kimoja juu ya ukingo uliojikunja, kifunike kwa karatasi ya kuokea, subiri dakika tano hadi kumi. Kitoe. Ukingo utakuwa umelegea. Usukume taratibu kwa kidole hadi ulale, weka karatasi kavu, kioo, na uzito juu.

Badilisha karatasi kavu baada ya nusu saa, tena baada ya saa mbili, kisha uache usiku kucha. Asubuhi washa taa ya pembeni uangalie. Ukingo uliokaa na mkunjo kwa miezi hautalala kwa siku moja, na ukiulazimisha rangi itakatika, rudia tu.

Mbonyeo wa kawaida usio na mchaniko hutengenezwa kwa njia hiihii, na mara nyingi kazi huishia hapo.

## Hatua ya tatu: uzi kwa uzi

Hapa ndipo subira yote inapotumika, na ndipo watu wengi wanaporuka wakabandika kiraka. Njia ya kuunganisha mchaniko kwa uzi mmojammoja iliendelezwa na mkarabati wa Kijerumani Winfried Heiber, na ndiyo iliyopunguza sana desturi ya zamani ya kubandika kanvasi nzima nyingine mgongoni kwa sababu ya mchaniko mmoja.

Kwanza punguza mvutano. Kanvasi iliyowambwa inavuta pande zote, kwa hiyo midomo ya mchaniko huachana hata kama hakuna kilichopotea. Tazama pembe za ndani za fremu: ukiona vipande vidogo vya mbao vilivyochomekwa kwenye pembe, hizo ni kabari. Weka alama kila moja ilikokaa, kisha uzitoe. Kama fremu haina kabari, ng'oa pini chache zilizo karibu zaidi na mchaniko, upande mmoja tu. Midomo itakaribiana.

Sasa vuta lenzi. Utaona nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, na za mshindio, zinazozikatiza, zikiwa zimechomoza ovyo, nyingine zimefumuka na kuwa sufi. Usikate hata moja. Zilainishe kwa sindano yenye unyevu, zisokote kurudisha umbo lake, kisha zipange: uzi huu ulipita juu ya ule, ule ukapita chini ya huu. Kila uzi wa upande wa kushoto una mwenzake wa kulia. Tafuta mwanzo pale mchaniko unapoanzia, ambapo nyuzi hazijahama sana, uende ukielekea katikati. Ukianzia katikati utakosa uzi mmoja, na kufika mwisho kila kitu kitakuwa kimesogea hatua moja. Pindua mara kwa mara uangalie mbele, kwa sababu mchoro ndio shahidi: mstari wa tawi lililokatika ukikutana na mwenzake, umepanga sawa.

Nyuzi zikishatulia, chukua gundi kwa ncha ya sindano, kiasi cha kichwa cha pini, uguse ncha ya uzi mmoja na kuibana kwenye ncha ya mwenzake. Ncha kwa ncha, zisipandane. Zikigusana tu kwa milimita moja kutokana na sufi zao kuingiliana, inatosha. Shikilia kwa kibano sekunde kadhaa, nenda kwenye unaofuata. Baada ya kila nyuzi tano au sita weka karatasi ya kuokea na uzito, upumzishe macho. Gundi ikichomoza mbele, iondoe palepale kwa pamba yenye unyevu; ikikauka juu ya rangi utaitoa pamoja na rangi.

Je, kama uzi umekuwa mfupi na haufikii mwenzake? Unga kipande cha uzi mwingine wa unene uleule katikati. Uchomoe kutoka kwenye ziada ya kanvasi iliyokunjwa nyuma ya fremu; ni uzi wa umri uleule na rangi ileile.

Acha saa 24 chini ya uzito.

## Hatua ya nne: madaraja

Mshono wa ncha kwa ncha hauna nguvu ya kubeba mvutano wote peke yake. Uwekee nyuzi za msaada mgongoni. Chukua nyuzi nyembamba za kitani au poliesta, zipake gundi kidogo, uzilaze kukatiza mchaniko, moja kila baada ya milimita mbili au tatu. Kila moja ivuke mstari kwa sentimita moja hivi kila upande, lakini zisilingane urefu: hii fupi, ile ndefu. Sababu ni kwamba nyuzi zikiishia kwenye mstari mmoja ulionyooka, miaka ijayo mstari huo utajichora upande wa mbele. Ndivyo ilivyo kanvasi: haisahau chochote kilichobandikwa mgongoni mwake.

Ndiyo hoja yangu dhidi ya kiraka kizito cha mraba. Kinabandikwa kwa dakika kumi, kinashika vizuri, na baada ya muda mraba mzima unaonekana mbele kama dirisha lililozibwa. Kiraka kina mahali pake, pale kitambaa chenyewe kimeoza au mchaniko una matawi mengi, lakini kiwe cha kitambaa chembamba kuliko kanvasi, pembe zake ziwe za mviringo, na kingo zake zifumuliwe nyuzi kwa upana wa nusu sentimita ili ziyeyukie taratibu kwenye kanvasi. Wataalamu hukibandika kwa utando wa gundi uitwao BEVA 371, uliobuniwa na Gustav Berger na kutumika tangu miaka ya 1970. Hushika kwa joto la nyuzi 65 hivi za Selsiasi na unaweza kubanduliwa kwa kupashwa moto tena. Kwenye mchoro wa akriliki usiende na joto hilo.

Tundu lililopoteza kitambaa lina mpango wake. Weka plastiki angavu juu yake, chora umbo kwa kalamu nyembamba, kata kipande cha kanvasi ya unene uleule kwa umbo hilo, mtande ukielekea kwenye mtande. Kipande kikae ndani ya tundu kama kilichozaliwa hapo, kisha madaraja yakishike mgongoni pande zote.

## Kuosha uso

Baada ya mshono kukauka unaweza kuondoa uchafu wa mbele. Sahau ule ushauri wa kusugua mchoro kwa mkate, kitunguu au kiazi. Mkate huacha makombo na mafuta kwenye mianya ya rangi, na makombo huita ukungu na wadudu; kitunguu na kiazi huacha utomvu usioujua. Kitu kinachotumiwa na wakarabati wengi kinaonekana cha ajabu zaidi lakini kina sababu: mate. Yana vimeng'enya vinavyolainisha uchafu na hayana ukali. Lowesha kijiti cha pamba, kiviringishe juu ya rangi bila kusugua, kisha pitisha kijiti kingine chenye maji yaliyokenekwa, kisha kikavu. (Usirudishe mdomoni kijiti kilichogusa mchoro. Rangi nyeupe ya zamani mara nyingi ilikuwa na risasi, na baadhi ya kijani kilikuwa na aseniki. Kwa sababu hiyohiyo usipige msasa.)

Jaribu kwanza ukingoni, eneo la sentimita moja, kwa kila rangi peke yake, maana nyekundu na za giza huwa nyepesi kutoka kuliko nyingine. Pamba ikitoka ya kijivu au kahawia, ni uchafu. Ikitoka na rangi ya mchoro, acha hapohapo. Sehemu zenye nyufa usiziloweshe. Vanishi iliyogeuka njano ni habari nyingine. Kuitoa kunahitaji viyeyusho, na mpaka kati ya vanishi na rangi iliyo chini yake hauonekani mpaka umeshauvuka. Iache ilivyo.

## Kuziba

Loweka gramu 5 za jelatini kwenye mililita 100 za maji baridi kwa nusu saa, kisha pasha chombo ndani ya maji ya moto hadi iyeyuke. Isichemke, kwani ikichemka hupoteza nguvu. Ongeza unga wa chaki kidogokidogo hadi upate uji mzito unaokaa kwenye ncha ya kisu bila kudondoka.

Tia ndani ya mstari au tundu tu, tabaka jembamba, liache likauke, kisha jingine. Tabaka moja nene litapasuka likikauka. Kijazo kilichomwagika juu ya rangi asili kiondoe kwa kijiti cha pamba chenye unyevu, ukizungusha, hadi mpaka wa rangi asili uonekane wazi. Usiridhike na mpaka wa kufikirika. Watu hufunika rangi nzuri ya pembeni kwa sababu ya uvivu wa dakika hizi.

Kabla tabaka la mwisho halijakauka kabisa, bonyeza juu yake kipande cha kanvasi safi ili liige mfumo wa nyuzi, au chora kwa sindano mikwaruzo inayofuata mwendo wa brashi ya msanii. Kijazo laini katikati ya uso wenye mfumo wa nyuzi hung'aa tofauti, na mng'ao wa tofauti huonekana haraka kuliko rangi ya tofauti. Washa tena taa ya pembeni. Kama kivuli kipo, rudi nyuma. Usiende kwenye rangi ukitumaini itakusaidia.

## Rangi, hatimaye

Usitumie rangi ya mafuta. Leo italingana, baada ya miaka itakuwa imekolea na kugeuka, na itakuwa ngumu kuitoa bila kuumiza iliyo jirani yake. Tumia rangi za maji, zinazotoka kwa pamba yenye unyevu siku ukibadili mawazo au siku mwenye ujuzi zaidi atakapoushika mchoro. Kwenye mchoro wa rangi ya mafuta paka kwanza tone jembamba la vanishi ya kurekebishia (vanishi nyepesi ya kupaka kabla ya kurudishia rangi) juu ya kijazo, ili maji ya rangi yasiloweshe chaki. Vanishi ikiyakataa maji, brashi iwe karibu kavu.

Rangi ibaki ndani ya mpaka wa kijazo. Anza na rangi iliyofifia kidogo na yenye ubaridi kidogo, yaani inayoelekea samawati, kuliko inayohitajika, kisha upandishe kwa matabaka mepesi. Kuongeza giza ni rahisi. Kurudisha nuru ni kuosha na kuanza upya. Jaribio la mchanganyiko lifanyie kwenye plastiki angavu uliyoilaza juu ya mchoro, likauke, ndipo uamue. Fanya kazi kwenye mwanga wa mchana na uhakikishe tena usiku chini ya taa ya chumba mchoro utakapokaa, maana rangi mbili zinaweza kufanana dirishani na kuachana chini ya taa.

Eneo likiwa kubwa kidogo na hujui kilichokuwepo, usibuni. Kuna njia iliyokuzwa Roma katika Istituto Centrale del Restauro, taasisi iliyoongozwa mwanzoni na Cesare Brandi: badala ya kuiga, unajaza kwa mistari myembamba ya wima ya rangi tofauti iliyosimama karibukaribu. Kwa mbali jicho huichanganya ikawa rangi moja. Kwa karibu yeyote anaona palipotengenezwa.

## Kukaza na kufunga

Rudisha pini ulizong'oa, kisha kabari kwenye alama zake. Kanvasi ikiwa bado imelegea, gonga kila kabari kidogo kwa nyundo nyepesi, ukizunguka pembe zote nne, huku kadi ngumu ikiwa kati ya nyundo na kitambaa. Fungua pembe kwa milimita moja hivi, si zaidi, na uache siku moja kabla ya kuongeza. Kanvasi inayolia kama ngoma imekazwa kupita kiasi na mshono wako ndio utakaolipa.

Mchoro wa rangi ya mafuta uliokuwa na vanishi unaweza kupata tabaka jembamba la vanishi sehemu iliyotengenezwa, ili mng'ao ulingane. Akriliki isiyokuwa na vanishi iache bila vanishi.

Mgongoni funga ubao mwepesi wa plastiki au kadi isiyo na asidi, kwa skrubu zinazoingia kwenye fremu pekee. Utazuia viwiko, vumbi na mabadiliko ya ghafla ya unyevu. Tundika mbali na jua la moja kwa moja, jiko na ukuta unaotoa maji. Unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55 ndio unaofaa, na ukikaa juu ya 70 ukungu utarudi. Juu ya ubao huo andika kwa penseli tarehe, gundi uliyotumia na rangi ulizopaka. Baada ya miezi mitatu hivi washa taa ya pembeni tena: mshono ukiwa umeinuka kidogo, fungua ubao, rudia karatasi yenye unyevu na uzito wa hatua ya pili, bila kugusa rangi.